FREMU KWA SEKUNDE, NA KAHAWA YA MAMA

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shule hii, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa



Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze dakika ishirini juu ya kompyuta na michezo yake. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, maana enzi zetu bwenini mchezo uliotumia umeme ulikuwa mmoja tu, nao ni kuwahi kuzima taa kabla mwalimu wa zamu hajafika mlangoni. Lakini ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya pili. Ilikuwa ombi la wanafunzi kwamba Chama kichangie kadi za picha kumi na nane kwa chumba cha kompyuta, ili mashine ziache kukwama, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, mzee mmoja wa Kamati alikuwa ameandika: "Hatuchangii upuuzi." Katibu alinitaka mimi, kwa kuwa mitambo hii imenilisha tangu mwaka 2004, niseme nani mwenye haki. Nitasema, ingawa nahofia pande zote mbili zitaninunia kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wazee mnaikumbuka sinema ya gari. Mimi niliiona nikiwa mtoto huku Muleba. Gari lilisimama uwanjani, shuka jeupe likatundikwa, na sisi tukakaa chini kwenye umande. Picha zile hazikuwa zikienda. Ulikuwa ni utepe wa picha zilizosimama, 24 kwa kila sekunde, na jicho la mtu ndilo lililoziunganisha. Kila picha moja ndiyo tunayoiita fremu. Mtambo wa sinema una raha moja: picha zote zimekwisha kupigwa zamani, kazi yake ni kuzipitisha tu. Kompyuta ya mchezo haina raha hiyo. Yenyewe huchora kila fremu papo hapo, kwa sababu haijui kama mchezaji atapiga mpira kushoto au kulia. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde, mashine ina nafasi ya sehemu 33 za elfu moja za sekunde kumaliza picha nzima: nyasi, vivuli, mashabiki na kipa. Ukitaka 60, nafasi inapungua hadi sehemu 16 na ushei. Ikichelewa, picha ya zamani hubaki kiooni, na hapo ndipo vijana husema "inakwama" au "inakata".

Nilianza kazi hii Kashai, Bukoba mjini, nikiwa na televisheni mbili za mgongo mnene na PlayStation 2 mbili. Mashine ile ilitoka mwaka 2000, na kumbukumbu yake kuu ilikuwa megabaiti 32 tu. Simu ya bei ya chini ya leo inayo mara nyingi zaidi ya hapo. Hata hivyo watoto walicheza mpira kutwa nzima bila mtu kulalamika kwamba unakwama. Kwa nini? Kwa sababu mtengenezaji wa mchezo aliijua mashine moja tu, na alikwisha kukata kila kisichobebeka kabla diski haijafika kwetu. Mchezaji hakuulizwa lolote.

Nasema hakuulizwa, lakini kulikuwa na swali moja. Diski nyingi za Ulaya ziliuliza mwanzoni: 50 au 60? Vijana wa Kashai walichagua kwa kubahatisha, na mimi mwenyewe kwa miezi kadhaa sikujua maana yake, nikaona aibu kuuliza. Maana yake ni hii. Televisheni za mfumo wa PAL, ambao ndio uliotufikia sisi, ziliviringishwa kwa mwendo wa mara 50 kwa sekunde, kama mizunguko ya umeme wetu. Za Marekani na Japani zilikwenda karibu mara 60. Sasa michezo mingi ya zamani ilihesabu mwendo wake kwa fremu, si kwa saa. Mchezo uliotungwa kwa 60 ukiletwa kwenye 50 bila kurekebishwa, kila kitu ndani yake huenda polepole kwa sehemu moja ya sita: ngumi, gari, hata muziki mara nyingine. Michezo mingi ya PlayStation ya kwanza iliyouzwa Ulaya ilikuwa hivyo, na watoto wa Uingereza walikua wakidhani ndivyo ilivyotungwa. Kwetu, ukiweka diski ya Marekani kwenye televisheni ya zamani, picha ilikuja nyeusi na nyeupe au ikawa inapanda juu bila kutulia. Fundi wa jirani aliniambia ni mshipa wa antena. Nilimlipa.

Nimelitaja hilo kwa sababu wengine hapa wanadhani fremu ni urembo. Fremu ndiyo saa ya mchezo. Grand Theft Auto: San Andreas, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2005, una kizuizi cha fremu katika mipangilio yake, ukikiondoa kwenye mashine yenye nguvu, mtu wako akiingia majini huogelea kwa taabu kana kwamba amefungwa jiwe. Mashine nzuri zaidi, mchezo mbovu zaidi.

Chumba changu cha Kashai kilikwisha Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko lilipopita. Watoto walikuwa wamejaa. Wote walitoka wazima, namshukuru Mungu. Televisheni nne hazikutoka, na ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka juu hadi chini. Mwenye nyumba alitaka kuujenga upya kwanza, mimi nikarudi nyumbani Muleba, na huko nikaacha mambo ya PlayStation nikashika kompyuta za mtumba. Ndipo nilipoonana na mipangilio.

Kompyuta si kama PlayStation. Mtungaji wa mchezo hajui kama wewe unayo mashine ya ofisi iliyostaafishwa na benki ya Ulaya au mtambo wa bei ya shamba. Kwa hiyo anakuwekea orodha ndefu: idadi ya nukta, vivuli, mwangwi wa mwanga majini, nyasi, kulainisha kingo, umbali wa kuona. Anakuambia: kata mwenyewe. Na sisi, kwa kuwa binadamu tunapenda neno "juu" kuliko neno "chini", tunasukuma vyote juu, kisha mashine ikilia tunasema ni mbovu, inataka kadi.

Hapa, Ndugu Mwenyekiti, naomba niseme jambo langu mwenyewe.

Mwaka 2021 mtoto wa dada yangu, aliyekuwa akikaa kwa mama yangu mzazi Kamachumu, alimaliza Kidato cha Nne. Wakati akingoja matokeo alifungua pembe ya michezo katika duka la jirani: kompyuta moja ya mezani ya mtumba, ya kizazi cha saba cha Intel, kiti, na foleni ya watoto. Nilifurahi. Baada ya majuma matatu alinipigia simu. "Mjomba, shikamoo. Mashine inakwama. Wateja wanakwenda." Nilikuwa juu ya pikipiki ya watu, upepo unavuma, nina haraka. Nikamwambia, "Nunua kadi ya picha." Sikumwuliza imekwama wapi, katika mchezo gani, kwa mipangilio gani. Mimi ndiye fundi wa ukoo. Neno langu likawa sheria.

Jioni mama akanipigia mwenyewe. "Hicho kitu anachokitaka mtoto, ni cha kweli?" Nikasema, "Ni cha kweli, mama."

Wazee mnajua mwezi gani nyumba ya Mhaya haina fedha. Kahawa ilikuwa bado mbichi mtini. Mama akafanya butura. Kwa wanafunzi ambao hamjalisikia neno hilo, ni kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya mwenye njaa, na Serikali imepigana na desturi hiyo miaka nenda rudi. Mnunuzi alikuja, akatembea shambani, akatazama matawi, akatoa fedha. Sitataja alitoa kiasi gani. Kijana akapanda basi kwenda mjini, na kwa bahati mbaya mwaka ule kadi za picha zilikuwa zimepanda bei dunia nzima. Viwanda vya chipu vilikuwa vimelemewa, na wachimbaji wa sarafu za kompyuta walikuwa wakizinunua kwa makontena. Akarudi na kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti nne.

Haikuwa hiyo. Nilipofika Kamachumu siku ya tano, mashine ilikuwa ikizimika kila mchezo ulipochangamka. Nikaweka programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 inaweza kuzitambua kadi za namna hii, ikaandika neno moja la kusema ni ya bandia. Ndani mlikuwa na chipu ya kadi ya miaka kumi na zaidi nyuma, yenye gigabaiti moja, iliyofundishwa kusema uongo juu ya jina lake. Mchezo ulipoomba kumbukumbu ya pili, haikuwapo. Tena kadi zile za zamani hula umeme mwingi kuliko wati 75 ambazo tundu la ubao mkuu linaweza kutoa, na pawa saplai ya mashine ya ofisi haikununuliwa kwa kazi hiyo. Aliyeiuza alikuwa amehama.

Hilo lingetosha kuniumiza. Lakini nilipoitoa kadi na kuichunguza mashine jinsi ilivyokuwa siku ile ya simu, nikaona jambo lililoniumiza zaidi: haikuhitaji kadi.

Nieleze kwa mfano wa jikoni. Kumpikia mgeni matoke kuna watu wawili: mmoja anamenya, mwingine yuko motoni na sufuria. Prosesa ndiyo inayomenya; inapanga nani yuko wapi, mpira unakwenda wapi. Sehemu ya picha ndiyo sufuria. Inapika rangi na vivuli. Chakula kikichelewa, usikimbilie kununua sufuria kubwa kabla hujajua nani anachelewesha. Na kujua ni rahisi mno. Punguza idadi ya nukta kiooni, kisha cheza pale pale. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta 2,073,600 za kupakwa rangi kwa kila fremu. Kile cha 1280 kwa 720 kina 921,600, chini ya nusu. Ukishusha hivyo na fremu zikapanda sana, sufuria ndiyo ilikuwa ndogo. Zisipopanda, mmenyaji ndiye mchovu, na kadi yoyote utakayonunua itakaa ikimsubiri.

Tulijaribu. Fremu zilipanda, lakini hazikutulia. Kila sekunde chache mkwamo. Nikafungua ubavu wa mashine. Kijiti kimoja tu cha ramu, na tundu la pili tupu. Mashine isiyo na kadi yake ya picha humegewa kumbukumbu na ramu ile ile ya prosesa. Wote wawili wanateka maji kisima kimoja. Kijiti kimoja cha DDR4 cha mwendo wa 2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja hupitisha 38.4. Ni kama kuongeza mlango wa pili wa ghala. Nilikuwa na kijiti kama kile mkobani. Nikakitia. Nikapuliza vumbi lililokuwa limeziba feni kama pamba, nikabadili grisi iliyokauka juu ya prosesa, nikaitoa Windows katika hali ya kubana umeme, ambayo mtu wa ofisi aliiacha huko Ulaya.

Kisha tukaketi mimi na mpwa wangu tukakata mipangilio. Tulitumia Grand Theft Auto V kupimia, kwa kuwa una jaribio lake la ndani. (Ni mchezo wa watu wazima, ninyi wa Kidato cha Kwanza msije mkasema mzee aliusifia.) Tulishusha nukta hadi 1280 kwa 720. Nyasi tukazishusha chini kabisa, maana mle ndani mashamba ndiyo yanayoiua mashine, si mji. Vivuli chini. Kulainisha kingo tukakuzima. Ngozi za picha, yaani zile rangi zinazovishwa ukutani na kwenye magari, tukaziacha katikati, kwa sababu hizo zinakula zaidi nafasi ya kumbukumbu kuliko nguvu, nasi nafasi tulikuwa nayo. Mashine iliyokuwa ikiyumba kati ya fremu 14 na 28 ikawa inakwenda kati ya 34 na 45. Ndipo nikafanya jambo ambalo kijana hakulipenda: nikaifunga kwenye 30.

Akasema, "Mjomba, umetupa fremu kumi." Nikamwambia acheze. Akacheza. Akanyamaza.

Hilo la kuzifunga linahitaji maneno zaidi kidogo, maana ndipo wauzaji wanapotupiga. Mtu atakuambia mashine hii inatoa fremu 60, naye hasemi uongo. Amehesabu fremu za dakika nzima akagawa. Lakini mashine inaweza kutoa fremu 59 katika nusu ya kwanza ya sekunde, halafu moja ikagoma nusu nzima iliyobaki, na hesabu bado ikasoma 60. Ninyi mnaopanda basi kutoka Bukoba kuja Muleba mnalijua jambo hili. Basi likikaa Kemondo saa nzima likingoja abiria, kisha likakimbia kama wazimu hadi Muhutwe, kondakta atakuambia mwendo wa wastani ulikuwa mzuri. Abiria hakuona wastani. Aliona kusubiri na kuona hofu. Mwaka 2011 mwandishi mmoja wa Marekani, Scott Wasson wa jarida la The Tech Report, alianza kuzipima kadi kwa muda wa kila fremu moja moja badala ya wastani wa sekunde, na mambo mengi yaliyofichika yakaonekana. Kadi mbili zenye wastani sawa zikawa si sawa hata kidogo mkononi mwa mchezaji. Siku hizi wapimaji hutaja pia ile asilimia moja ya fremu mbaya kuliko zote. Itazameni hiyo kwanza. Thelathini zilizo sawasawa kama hatua za gwaride ni afadhali kuliko 45 zinazojikwaa.

Na msidhani kuchagua ni shida ya maskini peke yake. Aliye na PlayStation 5 ya mwaka 2020 huulizwa katika michezo mingi: unataka picha nzuri, au unataka mwendo? Akichagua uzuri mara nyingi hupewa 30, akichagua mwendo hupewa 60 na picha hafifu zaidi. Kioo cha 4K kina nukta milioni 8 na laki tatu hivi, mara nne ya kile cha kawaida, na kila moja inataka kupakwa rangi. Ndiyo maana hata matajiri sasa wanachora picha ndogo kisha wanaikuza kwa hesabu. AMD ilitoa namna yake iitwayo FSR mwaka 2021, nayo matoleo yake ya mwanzo hayachagui kadi, hufanya kazi hata kwenye kadi za washindani wake na za zamani. Mchezo ukiwa nayo, itumieni. Kuna nyingine mpya zaidi zinazobuni fremu za katikati ambazo mchezo haukuzichora. Hizo huongeza namba kwenye pembe ya kioo, lakini kidole chako hakijibiwi upesi zaidi. Mimi siziamini sana, labda ni uzee.

Juu ya simu nitapita haraka, kwa kuwa hapa shuleni hamruhusiwi kuwa nazo na sitaki kumkosea Mkuu wa Shule. Likizoni mnacheza PUBG Mobile, na Free Fire, na mipira. Simu haina feni. Dakika kumi za kwanza inakimbia, kisha inapata joto, na ili isijiunguze inapunguza nguvu yake yenyewe. Mnasema mtandao ni mbovu. Shusheni picha hadi ile hali nyepesi kabisa tangu mwanzo, toeni kifuniko cha mpira, msicheze huku inachajiwa. Kadhalika muuzaji akikuambia kioo ni cha hezi 120, mwulize chipu yake inachora fremu ngapi. Kioo kinachoweza kuonyesha 120 kikiletewa 40 kinaonyesha 40. Na mtandao kweli ukiwa mbaya mtautambua kwa dalili yake: picha inakwenda laini, ila adui anarukaruka kutoka hapa hadi pale, au risasi yako inafika baada ya wewe kufa. Huo ni umbali wa kwenda na kurudi kwenye kompyuta ya mchezo, pengine ng'ambo ya bahari, na hakuna mpangilio wa vivuli utakaoufupisha.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya Katibu.

Nilikuja hapa tangu Alhamisi. Mwalimu wa kompyuta alinipa ufunguo, na vijana watatu wa Kidato cha Tano walinisaidia kufungua mashine zote kumi na nane. Kumi na moja zina kijiti kimoja cha ramu na tundu tupu. Tatu feni hazizunguki. Katika moja tulimkuta mjusi mkavu, amekufa pahali pazuri pa joto. Mbili diski zake ni zile za zamani za kuzunguka, nazo hata kadi ya dhahabu isingezisaidia kufungua faili. Zilizobaki zina vumbi tu na mipangilio ya kubana umeme. Tulitengeneza moja kwa vijiti nilivyokuja navyo, tukaiweka kando ya mwenzake ambayo hatukuigusa, na vijana walioandika ombi wakakaa kuzijaribu kwa zamu, mchezo ule ule, mipangilio ile ile. Yule aliyeandika barua kwa mkono wake yuko hapa, sitamsimamisha.

Kuna jambo la umeme pia. Mkoa wetu kwa miaka mingi ulitegemea umeme unaonunuliwa Uganda, na wote tunajua jinsi ulivyokuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo. Pawa saplai mbili katika chumba kile zimeungua namna hiyo. Hakuna stabilaiza hata moja.

Kwa mzee wetu wa kalamu nyekundu, kwa heshima zote: wale vijana watatu kwa siku mbili walijifunza kugawanya sekunde kwa fremu, kusoma joto la prosesa, na kupima jambo moja bila kubadili mawili kwa pamoja. Mwalimu wa fizikia alisimama mlangoni akitutazama, na ninadhani hakukasirika. Kwa wanafunzi: hamkudanganya, mashine zinakwama kweli. Ila mlifanya nilivyofanya mimi juu ya pikipiki.

Mtu mmoja ameniuliza asubuhi mambo ya Kamachumu yaliishaje. Mpwa wangu bado ana mashine ile ile na sasa ana nyingine mbili, zote hazina kadi. Kahawa ya mwaka ule mama aliichuma mwenyewe pamoja na wajukuu, akaianika kwenye mkeka uani, akaigeuza kila siku jua lilipokuwapo na kuifunika mvua ilipokuja, na ilipokauka mwenye nayo akaja na gari akaichukua. Mimi nilikuwapo siku hiyo. Nilisaidia kufunga magunia. Baadaye nilimpelekea mama fedha zake. Alizipokea, hakuzihesabu, akaniuliza kama nimekula. Kadi ile ninayo, nimekuja nayo. Itapita mikononi mwenu, itazameni kibandiko chake jinsi kilivyo kizuri.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukubali Chama kisichangie kadi kumi na nane. Kichangie vijiti kumi na moja vya ramu vya aina inayolingana na vilivyomo, diski mbili za kisasa zisizozunguka, feni tatu, grisi ya prosesa, na stabilaiza ya chumba kizima. Kadi inunuliwe moja tu, kwa kikundi cha wanafunzi wanaotaka kujifunza kutengeneza filamu na michoro kwa programu ya bure ya Blender, maana hiyo ndiyo kazi ya sufuria kubwa kweli. Na isilipiwe mpaka iwe imechomekwa kwenye mashine dukani na kupimwa mbele ya muuzaji. Nitakwenda mwenyewe kuinunua, pamoja na wanafunzi wawili, kwa nauli yangu. Leo baada ya chakula nitakuwa chumba cha kompyuta hadi taa zizimwe, nina bisibisi sita na brashi mbili, na mzee yeyote aliyekuja na kompyuta yake inayokwama aje nayo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.